Mzigo Juu ya Imani: Sheria Yasemaje?

Twawaamkia ninyi nyote mtakaosoma mazungumzo haya, wa milimani Umatengo na wa mwambao wa Nyasa, tangu Lituhi na Liuli mpaka Mbamba Bay: wazee, kina mama, na wanafunzi mnaowasomea wazazi wenu kwa sauti jioni. Leo twataka kueleza jambo moja la sheria ambalo wengi hulisikia likitajwa, walakini wachache wamepata kuelezwa maana yake. Jambo lenyewe ni hili. Serikali ina haki ya kutoa amri, na kila mtu ana haki ya kumwabudu Mungu kama dhamiri yake imwongozavyo. Je, amri ikigongana na dhamiri, ipi itaipisha nyenzake?

Hatutaanza na vitabu vya sheria. Tutaanza na kisa tulichokiona kwa macho yetu, nasi tunakiri kwamba sehemu yetu ndani yake haikuwa njema.

Miaka michache kabla ya 2013 tulikuwa walimu vijana katika shule moja ya sekondari, ambayo hatutaitaja jina. Kila asubuhi wanafunzi walisimama mstarini, bendera ikapandishwa, wimbo wa taifa ukaimbwa. Alikuwako kijana mmoja wa kidato cha pili, wa jamaa ya Mashahidi wa Yehova. Wenzake walipoimba yeye alisimama wima, mikono imenyooka, midomo imefungwa. Hakucheka, hakunong'ona, hakugeuka huku wala huku. Alipoulizwa alijibu kwa adabu kwamba kwao wimbo ule ni kama ibada, na ibada wamezoea kumpa Mungu peke yake.

Kikao cha walimu kilikaa. Wengine walisema ni kiburi. Wengine walisema akiachwa yeye, kesho shule nzima itanyamaza. Sisi pia tulinyosha mkono kwamba arudishwe nyumbani mpaka atakapokubali kuimba. Mama yake akaitwa. Alikuja kwa miguu na beseni la usipa kichwani, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko, akalitua nje ya ofisi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza:

"Walimu wangu, mtoto amewakosea nini?"

"Mama, hakuimba wimbo wa taifa."

"Je, aliwapigia kelele wenziwe walipokuwa wakiimba?"

"La, mama. Alisimama tu."

"Basi mnamrudisha kwa kosa la kunyamaza?"

Hatukuwa na jibu, ila tulikuwa na barua yenye mhuri, nayo ndiyo tuliyompa. Kijana hakufanya mtihani wa kidato cha pili mwaka ule. Tulipomwona tena alikuwa akivuta nyavu usiku pamoja na wajomba zake.

Swali la mama yule ndilo swali la mazungumzo haya. Wala si swali jipya kwetu. Wazee wetu waliujua uzito wa mkono wa dola juu ya ibada. Wamisionari Waanglikana wa UMCA waliweka makao katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, wakawa wakivuka ziwa kuja vijijini kwetu. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Peramiho mwaka 1898, wakaenea milimani hata Litembo. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza waliokuwa katika eneo lao. Na Waingereza walipoishika nchi, waliwaondoa watawa Wajerumani kwa kuwa ni raia wa adui. Mwanakijiji wa Kimatengo au wa Kinyasa hakuwa na ugomvi na yeyote kati yao, lakini makanisa mengi yalibaki bila wachungaji waliokuwa wakiyalea.

Baada ya vita hiyo mataifa yaliandika sharti. Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika na Shirika la Mataifa mwaka 1922, hati ya udhamini iliipasa kuhakikisha uhuru kamili wa dhamiri, na uhuru wa kila namna ya ibada isiyovunja amani wala maadili ya watu. Hati ile ile iliiachia Serikali uwezo wa kusimamia utulivu wa nchi. Tazameni basi: tangu zamani mambo mawili yaliandikwa pamoja, uhuru wa ibada na kazi ya Serikali ya kulinda amani. Ugumu wote umo katika kuyapima mawili hayo.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, katiba yake haikuwa na sura ya haki za binadamu ambayo raia angeweza kuipeleka mbele ya hakimu. Wakati mwingine pengo hilo lilionekana. Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku nchini tangu miaka ya 1960 mpaka mwaka 1987. Ng'ambo ya ziwa letu, katika Malawi, mambo yalikuwa mazito zaidi. Walipigwa marufuku mwaka 1967, kisha wakateswa kwa kuwa dhamiri yao iliwakataza kununua kadi ya chama kilichotawala, hata mwaka 1972 maelfu yao wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Marufuku yale yaliondolewa mwaka 1993. Twawakumbusha haya ili ijulikane kwamba Serikali ikikosa mpaka ulioandikwa, jamii ndogo ndiyo hulemewa kwanza.

Mpaka huo uliandikwa kwetu mwaka 1984, sura ya haki ilipoingizwa katika Katiba ya mwaka 1977. Na tangu Machi 1988 raia aliweza kuidai mahakamani. Ibara ya 19 ndiyo ya dini. Kwa maneno yetu wenyewe, yasema mambo matatu. La kwanza, kila mtu ni huru katika mawazo, imani na uchaguzi wa dini, hata kuibadili dini yake akipenda. La pili, kufanya ibada na kueneza dini ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. La tatu, uhuru huo una taratibu zake zilizowekwa na sheria kwa ajili ya usalama, amani, maadili na umoja wa taifa. Ibara ya 30 yaongeza kwamba haki ya mtu mmoja isitumiwe kuvunja haki za wengine.

Mtu akisoma hilo la tatu aweza kusema, "Basi kuna faida gani? Serikali imepewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine, au ni sisi tuliofanyiwa hivyo?" Jibu lilitolewa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shauri lile halikuhusu dini, lakini kipimo chake chafaa kwa haki zote za msingi. Mahakama ilisema kwamba sheria inayobana haki ya mtu lazima ipite mitihani miwili: isiwe ya kumwachia mtawala kutenda apendavyo bila kinga kwa raia, na isibane kupita kiasi kinachohitajika ili lengo halali litimizwe.

Wamatengo watalielewa jambo hili upesi kuliko watu wengi, kwa sababu ya ngoro. Mkulima wa ngoro hauzuii mvua isinyeshe mlimani, wala hangetaka, maana mvua ni uhai. Huchimba mashimo yake kwa mpango katika mteremko, ili maji yanywewe na shamba pasipo kuuchukua udongo mpaka bondeni. Katiba nayo haiizuii Serikali isitawale. Inachozuia ni amri kuteremka kwa nguvu zote na kuondoka na dhamiri ya mtu, pahali ambapo nguvu zote hizo hazikuhitajika.

Sasa twaweza kulirudia swali la mama. Wanafunzi 127 wa Mashahidi wa Yehova walikuwa wameadhibiwa katika shule za nchi yetu kwa kutoimba wimbo wa taifa. Watano kati yao walifukuzwa kabisa. Walikwenda Mahakama Kuu, wakashindwa. Hawakukata tamaa, wakakata rufani. Tarehe 12 Julai 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki yao. Haikukubali kwamba kutoimba peke yake ni kuudharau wimbo, na iliona kuwa kuwaadhibu kwa ajili hiyo kuliingilia uhuru wa dini unaolindwa na Katiba.

Mahakama hiyo haikuwa ya kwanza duniani kufikia hapo. Katika Marekani, mahakama ya juu kabisa iliamua mwaka 1940 kwamba shule zaweza kuwalazimisha watoto wa imani hiyo hiyo kuisalimu bendera. Miaka mitatu baadaye, katikati ya vita, ikajisahihisha na kusema haziwezi. Katika India, mwaka 1986, watoto watatu wa jimbo la Kerala waliosimama kwa heshima bila kuimba walirudishwa shuleni kwa amri ya mahakama ya juu. Hao watatu walifanya vile vile alivyofanya kijana wetu.

Huenda msomaji akauliza, je, kila mwenye imani akisema "dini yangu yanikataza," ataachwa? La, hasha. Ili kupima, yafaa kujiuliza maswali manne, nasi twawafundisha hivi walimu wanafunzi chuoni.

Swali la kwanza: kuna mzigo wa kweli? Kuchukizwa si kulemewa. Mzigo ni pale mtu anapowekwa njia panda, aache imani yake au apoteze kitu kikubwa, kama masomo, kazi au uhuru. Hapo hakimu haulizi kama imani ile ni ya kweli mbele ya Mungu, kwa maana hakimu si padre wala si shehe. Huuliza tu kama mtu anaishika kwa moyo wa kweli.

Swali la pili: mzigo huo umewekwa na sheria, au ni agizo la mkubwa tu? Swali la tatu: Serikali ina sababu nzito, kama uhai, afya, usalama, au haki za mtu mwingine? Swali la nne: hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile? Mwenye jukumu la kujibu swali la tatu na la nne ni yule aliyeuweka mzigo, si yule aliyetwishwa.

Maswali hayo hayakubaliwi sawasawa kila mahali. Katika Marekani, mwaka 1990, mahakama ya juu ilisema kwamba sheria inayowahusu watu wote kwa usawa haihitaji kujieleza kwa kila mwenye dini. Bunge lao likakataa, likatunga sheria mwaka 1993 ya kuitaka Serikali ionyeshe sababu nzito na njia nyepesi. Mwaka 1997 mahakama ikasema sheria ile haiwezi kuyabana majimbo. Basi majimbo yenyewe, zaidi ya 20 mpaka sasa, yametunga sheria zake ya namna hiyo, kila moja likijifunga mikono lenyewe.

Karibu na kwetu pia majibu yametofautiana. Katika Uganda, wanafunzi Waadventista Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere walilalamika kwamba masomo na mitihani huwekwa Jumamosi, siku yao ya Sabato. Mwaka 2006 walishindwa katika mahakama ya juu. Ilionekana kwamba utaratibu wa chuo chenye watu wa dini nyingi ulikubalika mbele ya katiba yao. Katika Kenya, mwaka 2017, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba shule ziwape nafasi wanafunzi Wasabato kuitunza siku yao. Mkiyapima mawili haya mtaona kwamba ubishi haukuwa juu ya thamani ya Sabato. Ulikuwa juu ya swali la nne: je, shule yaweza kupanga mambo yake vingine bila kuvunjika?

Na uko wakati ambao mzani huangukia upande wa Serikali bila shaka yoyote. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, jimbo la Kilifi pwani ya Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wafuasi wa mhubiri mmoja, na wengi walikuwa wamekufa kwa njaa. Watoto walikuwamo. Mtoto hana uwezo wa kuchagua kufa kwa imani ya mzazi wake. Hapo Serikali ikiingia haiionei dini. Ikichelewa, ndipo inapokosa.

Jambo jingine lapasa kusemwa, hasa kwetu sisi tuliolelewa na misheni, kwa maana ni rahisi kuupenda uhuru wa dini yako na kuusahau wa jirani. Mwaka 2001, katika Morogoro, mhubiri mmoja wa Kiislamu alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kusema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Wakristo wengi waliona ni halali yake. Hatimaye Mahakama ya Rufani iliifuta hatia ile. Kosa la kuumiza hisia za dini lahitaji nia ya makusudi ya kuumiza. Na mtu anayeeleza yale ambayo dini yake inafundisha hawi mhalifu kwa sababu tu masikio ya mwenzake hayakupendezwa. Sisi twaamini kinyume cha alivyosema mhubiri yule, na tutaendelea kuamini. Lakini sheria inayomlinda yeye asiende gerezani ndiyo imlindayo katekista wa Lituhi anapofundisha Utatu Mtakatifu mbele ya yeyote apitaye njiani. Ukiitoboa ngalawa upande wa mwenzako, maji hayatauliza wewe umekaa wapi.

Sasa mtu akitwishwa mzigo wa namna hii afanye nini? Kwanza aseme kwa adabu na mapema, tena kwa maandishi: jambo gani dhamiri yake yamkataza, na jambo gani yuko tayari kulifanya badala yake. Kijana aliye tayari kusimama kwa heshima, au Msabato aliye tayari kufanya zoezi lake Jumapili, amekwisha kuonyesha njia nyepesi. Pili, apeleke shauri kwa mkuu wa shule au ofisi, na asiposikilizwa apande ngazi mpaka wilayani, akihifadhi nakala za barua zote. Tatu, yote yakishindikana, Katiba inampa nafasi ya kwenda Mahakama Kuu, na sheria ya mwaka 1994 ya kutekeleza haki na wajibu wa msingi imeeleza utaratibu wake. Kwa watu wa mkoa wetu Mahakama Kuu iko Songea. Safari ni ndefu na gharama zipo; kwa hiyo ni vema kumwona kwanza wakili au msaidizi wa kisheria.

Na sisi tulio upande wa pili wa meza, walimu, watendaji na wenyeviti wa vijiji, tusingoje kuitwa Songea. Kabla hatujapiga mhuri juu ya barua, tujiulize maswali yale manne. Aghalabu la nne litatutosha.

Hukumu ya mwaka 2013 ilipotangazwa, tulimtafuta kijana yule. Tulimkuta ufukweni akitengeneza wavu, amekwisha kuwa mtu mzima, ana mke na mtoto mchanga. Tulimweleza kwamba mahakama imesema hakukosa. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatushukuru kwa kuja, akasema kwamba masomo yamempita lakini mwanawe atasoma. Kisha akauliza kama shule ile ile itampokea mtoto wake akisimama kimya.

Tulimjibu kwamba sheria yasema itampokea. Yatupasa sisi walimu tuhakikishe kwamba shule nayo yasema hivyo hivyo.

Kwaherini, mpaka mazungumzo mengine.